Daftari la Maneno ya Baba

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa na kazi yake maalumu: kufagia nywele za jana kwenye duka la kinyozi. Duka hilo lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Lilikuwa na viti viwili vya kuzunguka na kioo kirefu chenye ufa pembeni, na kinyozi mwenyewe alikuwa baba yake. Mtaa mzima ulimwita msichana huyo Cherehani, kwa sababu ulimi wake ukishaanza kushona maneno, hakuna aliyejua pa kukata uzi.

Siku moja mteja alikuwa hajaketi sawasawa. "Naomba…" alianza.

"Kupunguza pembeni, juu usiguse!" Cherehani alidakia.

"Mwanangu," Baba alimwambia huku akicheka, "mwache mtu aseme mwenyewe. Pengine amekuja kuazima ngazi."

Baba naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Watu walikuja kwake kunyolewa na kusikiliza visa vyake. Wenye upara walikuja kusikiliza visa tu.

Jumanne moja, Cherehani akiwa bado na fagio mkononi, Baba alikuwa akimnyoa fundi bomba wa mtaa. Katikati ya kisa, mkono wake wa kulia ulilegea, mashine ikaanguka sakafuni, na mdomo wake ukapinda upande mmoja. Fundi bomba hakupoteza hata dakika. Alimlaza Baba kwa ubavu, akamtuma Cherehani kumwita Mama, akasimamisha gari barabarani. Nusu ya kichwa chake ikiwa imenyolewa na nusu bado, alimshikilia rafiki yake hadi mlangoni mwa hospitali.

Daktari alisema ni kiharusi, na kwamba kufikishwa mapema ndiko kulikomwokoa.

Wiki moja baadaye Baba aliweza kukaa kitandani, na mguu wake ulianza kupata nguvu. Lakini maneno hayakurudi. Alielewa yote aliyoambiwa. Alipotaka kujibu, mdomo ulifunguka, neno likakwama, au likatoka jingine kabisa. Alitaka maji akasema "dirisha". Alijisikia mwenyewe akikosea, na macho yake yakajaa machozi.

Katika wodi aliyolazwa Baba alikuwepo mtaalamu aliyewafundisha wagonjwa kusema upya. Wagonjwa walimwita Mwalimu wa Maneno. Alikuwa mrefu, mpole, na hakuwa na haraka hata kidogo. Alimpa Cherehani daftari, kalamu na picha ishirini: kikombe, kitana, mswaki, kiatu na nyinginezo.

"Maneno ya baba yako hayajafutika," alimweleza. "Njia ya kuyafikia ndiyo iliyoharibika. Kila anapotafuta neno mwenyewe, njia mpya inapanuka kidogo. Kwa hiyo mwonyeshe picha, kisha funga mdomo usubiri. Akisema mwenyewe, weka tiki. Ukimsaidia, hata kwa herufi ya kwanza, chora duara. Duara si aibu. Linanionyesha pa kuanzia."

"Atarudi nyumbani lini?" Cherehani aliuliza.

"Mama yako anafanya kazi kiwandani, na wewe uko shule. Mchana baba yako atakuwa peke yake. Lazima aweze kuita msaada na kusema anaumwa wapi. Nitampima Ijumaa ya wiki ijayo. Akiweza, tutamruhusu."

Kuanzia siku hiyo, kengele ya mwisho ikilia, Cherehani alikwenda hospitali moja kwa moja, sare mwilini na mkoba mgongoni. Siku ya kwanza alimwonyesha Baba picha ya kikombe. Baba aliikazia macho. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Midomo ilicheza bila sauti. Cherehani alihesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne, tano. Hakuvumilia.

"Ki…" alimnong'oneza.

"Kikombe!" Baba alisema, na uso wake ukang'aa.

Cherehani aliitazama kalamu. Baba alikuwa karibu kulisema mwenyewe, alijiambia. Akaweka tiki.

Kesho yake hakujisumbua hata kuhesabu. Alinong'ona mwanzo, Baba akamalizia, tiki zikajipanga kama askari. Kufikia Alhamisi zilikuwa kumi na saba kati ya ishirini. Mama alilionyesha daftari wodi nzima kwa fahari. Mzee wa kitanda cha pili, dereva wa lori aliyestaafu, alitikisa kichwa. "Huyu bwana akitoka hapa atagombea ubunge!"

Ijumaa ilifika. Mwalimu wa Maneno aliketi mbele ya Baba, akamwomba Cherehani akae nyuma, karibu na ukuta. Alinyanyua picha ya kikombe na kusubiri.

Kimya.

Baba aligeuza shingo, akamtafuta binti yake. Mwalimu akamrudisha taratibu. Kitana: kimya. Mswaki: "Di… dirisha." Picha zilipokwisha, Baba alikuwa amesema maneno matatu tu. Kwa mkono wake wa kushoto alizisukuma zote zikatawanyika sakafuni, akageukia ukuta.

"Jana alisema kumi na saba, mwalimu," Mama alisema. "Si imeandikwa hapo?"

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi," Mwalimu alijibu, akiinuka upesi kuliko alivyozoea. "Kutoka kumi na saba hadi matatu kwa siku moja? Huenda amepata kiharusi kingine. Sista, mwite daktari. Tumwandae apigwe picha ya kichwa sasa hivi."

Muuguzi alitoka mbio. Mama alianza kulia.

Ulimi wa Cherehani, ambao haukuwahi kukosa la kusema, ulikuwa mzito kama jiwe. Angeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua. Lakini alimwona Mama akilia, akamwona Baba ameupa ukuta uso, akasimama.

"Mwalimu, hajaugua tena. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Nilimwanzishia. Karibu kila neno nilimwanzishia, halafu nikaweka tiki. Nilitaka arudi nyumbani."

Mama alimkodolea macho. Mwalimu wa Maneno hakumfokea. Alifungua daftari, akaweka kidole kwenye tiki ya kwanza. "Hii?"

"Nilimwanzishia."

"Na hii?"

"Hiyo pia."

Walikwenda hivyo ukurasa kwa ukurasa, na kila jibu lilimchoma kuliko lililotangulia. Daktari alikuja akampima Baba hata hivyo, kwa uangalifu, akathibitisha kwamba hakuna tatizo jipya.

Cherehani alisogea kitandani. "Baba, nisamehe. Najua umekasirika. Najua unataka kusema kwamba…"

Baba aligeuka, akainua kiganja chake cha kushoto. Midomo yake ilianza kucheza. Cherehani aliona neno linatafutwa, na kila kitu ndani yake kilitaka kulidaka. Aliuma ulimi. Mkokoteni wa dawa ulipita ukumbini. Mtu alikohoa kitanda cha mbali. Bado Baba alikuwa anatafuta.

"Su… su…" Alimeza mate. "Subiri."

Hakuna aliyemwanzishia. Mama aliziba mdomo kwa mikono miwili. Mwalimu wa Maneno alichukua kalamu, akampa Cherehani. "Hilo liandike," alisema. "Hilo ni lake."

Ndiyo tiki ya kwanza aliyoiweka bila kuona haya.

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa ngumu. Cherehani hakujua kwamba kunyamaza ni kazi ya kutoa jasho. Alikalia mikono yake, na alihesabu mbao za dari kutoka mlangoni hadi dirishani na kurudi. Kurasa nzima zilijaa maduara. Kuna siku Baba hakupata hata neno moja, Cherehani akaliandika hilo vilevile. Mwalimu aliyasoma maduara hayo, akabadilisha mazoezi: picha chache zaidi, mapumziko zaidi, kuimba maneno pale yalipogoma kusemwa.

Fundi bomba alipokuja kumwona mgonjwa, alisimama mbele ya kitanda akapaza sauti kama anaita mtu ng'ambo ya mto. "UNAENDELEAJE, NDUGU YANGU? UMEKULA? UNATAKA NINI?"

"Mjomba," Cherehani alimwambia, "Baba hajawa kiziwi. Muulize swali moja, kisha unyamaze umsubiri."

Fundi bomba alipigwa na butwaa. "Wewe Cherehani ndiye unayeniambia mimi ninyamaze? Kweli dunia imegeuka!" Lakini aliketi, akanyamaza. Baada ya muda mrefu Baba alimshika mkono, akasema, "Umeni… okoa. Asante." Mwanamume huyo mzima, mwenye mabega kama mlango, alilia kama mtoto.

Siku hadi siku maneno yakaanza kuja mawili mawili. "Maji baridi." "Mguu unauma." "Mama yuko wapi?" Hayakuja upesi, lakini yalikuja, na kila moja alilitafuta mwenyewe.

Siku ya kupimwa tena, hakukuwa na picha. Mwalimu wa Maneno alivuta kiti. Daktari, muuguzi na Mama walisimama kando. Wodi yote ilitulia. Hata mzee wa lori alizima redio yake.

"Uko peke yako nyumbani, umeanguka," Mwalimu alisema. "Utasemaje?"

Baba alivuta pumzi. "Nimeanguka. Nj… njooni."

"Unaumwa wapi leo?"

"Mkono… wa kulia. Kidogo tu."

"Vizuri sana. Je, una swali lolote kwangu?"

Baba alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akainua kidole, akakielekeza kwenye kichwa cha Mwalimu. Cherehani alisubiri. Safari hii hakuweza hata kubahatisha kitakachofuata.

"Nani… alikunyoa… vibaya hivi?"

Wodi ililipuka kwa kicheko. Mzee wa lori alicheka hadi akakohoa, muuguzi akampigapiga mgongoni huku naye akifuta machozi. Mwalimu wa Maneno alijishika kichwa. "Nilijinyoa mwenyewe," alikiri.

"Ina… onekana," Baba alisema.

Cherehani aliruka akapiga vigelegele. Mama alimkumbatia yeye na Baba kwa pamoja, akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Daktari aliweka sahihi ya ruhusa papo hapo.

Walipokuwa wakifunga mizigo, Mwalimu wa Maneno alilichukua daftari, akalipitia, akamrudishia Cherehani.

"Unaona maduara haya yote?" alimwambia. "Haya ndiyo yaliyomponya baba yako. Zile tiki zako za mwanzo zilikuwa nzuri kuzitazama, lakini zilinificha ugonjwa, na mimi siwezi kutibu nisichokiona. Uliposema ukweli, tena mbele ya watu wote, ndipo kazi yetu ilipoanza. Na ukumbuke hili popote utakapomuuguza mtu: kumsaidia si kumfanyia kila kitu. Mara nyingi ni kukaa karibu naye, kumwamini, na kumpa muda afanye mwenyewe."

"Nimeelewa, mwalimu," Cherehani alisema. Hakuongeza neno.

Walitoka taratibu, Baba akiegemea mkongojo, Mama upande mmoja, binti upande wa pili. Langoni, mlinzi aliwasimamisha ili akague karatasi ya ruhusa.

"Haya, mzee, leo safari ya wapi?" aliuliza kwa uchangamfu.

Mama alinyamaza. Cherehani alinyamaza. Magari yalipita barabarani, na mlinzi, akiona Mama na binti hawana haraka, naye akasubiri.

Baba alinyoosha mgongo.

"Tunaenda," alisema, "nyumbani."