Nyla na Picha Iliyofunikwa

Kila Jumamosi asubuhi Lamont Gaddis alibeba nguo chafu, akamchukua binti yake Nyla, wakaenda kwenye duka la kufulia. Siku nyingine za wiki Lamont alikuwa akikata kuku kiwandani. Nyumbani walikuwa wawili tu, kwa sababu mkewe alikuwa ameondoka zamani.

Jumamosi moja waliwakuta wasichana wa chuo pale dukani. Walikuwa wamevaa fulana za rangi ya chungwa. Walitandika zulia karibu na mashine za kukaushia, wakapanga vitabu vya watoto. Mmoja wao, Corliss Weems, alimsogelea Lamont kwa adabu. Alisema wao ni chama cha akina dada wa chuo, na wanajitolea kusoma na watoto.

"Mnapata nini?" Lamont akauliza.

"Hatulipwi, Bwana Gaddis."

"Sikuuliza malipo. Nimeuliza mnapata nini."

Lamont akamvuta Nyla upande wake. Alikuwa na sababu. Mwaka uliopita watu wengine walileta mabegi ya shule, wakampiga Nyla picha. Baadaye picha ile ilibandikwa barabarani, na juu yake pameandikwa kuwa watoto hawa wana njaa. Nyla hakuwa na njaa. Watoto wenzake walimcheka mpaka akakataa kwenda shule.

Isitoshe, kwa macho ya Lamont, Nyla alikuwa anajua kusoma. Kila jioni alimsomea baba yake kitabu kuhusu shamba, na Lamont alicheka kwa furaha. Mwalimu aliposema mtoto yuko nyuma, Lamont alimwona mwalimu kuwa ana chuki tu.

Lakini Nyla alilitamani lile zulia. Wiki iliyofuata Lamont akamruhusu, ila yeye mwenyewe akasimama nyuma yao, mikono kifuani, akitafuta kamera.

Nyla akafungua kitabu ambacho hakuwahi kukiona. Palikuwa na picha ya mnyama. Akasoma haraka, "Farasi amelala."

Corliss akaweka kiganja juu ya picha. "Hebu tulitazame neno. Linaanza na sauti gani?"

Nyla akamtazama baba yake, kisha akatazama chini.

"Unamwaibisha mwanangu," Lamont akasema. Akamshika mkono Nyla, wakaondoka na nguo zikiwa bado mbichi.

Nyumbani hasira ya Lamont haikutulia, lakini sasa ilikuwa na wasiwasi ndani yake. Akakichukua kile kitabu cha shamba. Akafungua ukurasa wa katikati, akazifunika picha, akamwambia Nyla asome. Nyla hakuweza hata mstari mmoja. Alikuwa amekikariri chote.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unacheka nikisoma," Nyla akasema. "Sikutaka uache."

Lamont akaenda kukaa barazani. Jirani yake, Bi Odessa, aliyekuwa dereva wa basi la shule, alikuwa akimenya karanga za kuchemsha upande wa pili wa uzio. Lamont akamweleza yote. Alitarajia amwonee huruma, lakini haikuwa hivyo.

"Wale wasichana nawaona maktabani mwaka wa tatu huu," Bi Odessa akasema. "Sijawahi kuwaona na kamera. Wewe ulimshuku kila mtu, mwanangu, ukasahau kukitazama kitabu."

Jumamosi iliyofuata Lamont akamwendea Corliss. Hakuomba radhi vizuri; hakuwa na mazoea. Alisema hataki picha, na hataki watu wanaomzoesha mtoto halafu wanatoweka.

"Picha hatupigi," Corliss akajibu. "Lakini kutoweka, sitakudanganya. Mwezi wa tano namaliza chuo, naondoka. Dada mwingine atashika nafasi yangu. Ndiyo maana nataka ujifunze wewe."

Ni jibu hilo lililomlainisha. Mtu wa kutafuta sifa angeahidi makubwa.

Basi Corliss akamfundisha pale pale, mashine zikiunguruma. Mtoto asikisie kwa picha. Aweke kidole chini ya neno, atamke sauti moja moja, kisha aziunganishe. Akikwama, mzazi asikimbilie kumtajia, angoje kidogo. Akikosea, asifokewe. Na mzazi naye amsomee mtoto kila siku, hata kama ni muda mfupi, ili mtoto apende hadithi. Siku isiyo na kitabu, kibao cha duka kinatosha, au maandishi kwenye kopo la maharagwe.

Nyla akarudia ukurasa ule aliosoma "farasi". "P... u... pu," akasema. Lamont akauma midomo asimsaidie. "Nda. Punda!"

"Punda," Lamont akasema, na kicheko kikamtoka.

Haikuwa kazi nyepesi. Jioni nyingine Nyla alilia, na jioni nyingine Lamont alisinzia kwa uchovu. Lakini hawakuacha. Mwezi wa tano Corliss akaaga, na kama alivyosema, msichana mwingine akaja. Mwalimu akamwambia Lamont kwamba Nyla hatarudia darasa.

Majira ya joto yalipoanza, Lamont alikuwa amekaa mezani baada ya kazi. Alitoa pakiti mpya ya sigara mfukoni. Nyla akaivuta kwake. Haikuwa na picha yoyote, maandishi matupu. Akaweka kidole chini ya mstari, akaanza polepole.

"U-vu-ta-ji. Uvutaji. Una... unaleta ma-ra-dhi ya ma-pa-fu."

Akasoma mpaka mwisho, kisha akainua macho.

"Baba, wewe ulikuwa unajua imeandikwa hivi?"

Mtoto alikuwa akimkazia macho kama mtu anayengoja ukweli.

"Nilikuwa najua," Lamont akasema. "Umesoma sawasawa."

Nyla hakumrudishia ile pakiti, na Lamont hakuidai.