Hafswa na Amana ya Mtandao

Kila alasiri, baada ya kufagia chumba cha kompyuta, Hafswa alikagua programu kuu. Programu hiyo moja ndiyo iliyoongoza mtandao wa shule yao ya Ganda na wa shule jirani. Ikiamuru, mashine zote hutii. Mwalimu Gona alikuwa amemkabidhi nywila ya programu hiyo kwa kuwa Hafswa ndiye mwenyekiti wa chama cha wanafunzi cha kompyuta. Hafswa alijivunia cheo hicho wala hakuficha.

Siku hiyo Mjomba Musab, aliyeifadhili shule kwa kompyuta, aliingia na mgeni mwenye kompyuta yake kwapani.

"Shikamoo, mjomba. Karibuni."

"Marahaba, mwanangu. Mpe mgeni nywila atume kazi yake."

"Mwalimu akitoka mkutanoni atamfungulia njia ya wageni, isiyogusa programu kuu, mjomba."

"Njia ya wageni? Mgeni wangu hakalishwi barazani! Mpe hiyo kubwa."

Hafswa alikumbuka yaliyowapata. Muhula uliopita nywila ilibandikwa mlangoni, eti wageni wasione haya kuomba. Mtu asiyejulikana akaingia katika programu kuu, akavuruga kila kitu, na shule zote zikakosa mtandao wiki ya mitihani. Ukarimu gani huo!

"Mjomba, shikamoo yangu unayo. Nywila huna."

"Huna adabu! Nitamwambia mwalimu akuvue uenyekiti."

"Mwambie. Hata akinivua, siitoi."

Machozi yalimlenga, lakini alisimama mbele ya mashine, mikono kiunoni.

Mwalimu Gona alirudi, akasikiliza pande zote mbili, kisha akamfungulia mgeni njia ya wageni. Punde onyo jekundu likatokea kwenye skrini. Kompyuta ya mgeni ilikuwa na virusi, navyo vilikuwa vikijaribu kuingia kila mahali. Hafswa akaikata njia ile mara moja. Shule zote zilisalimika.

"Wallahi sikujua," mgeni alisema kwa haya.

"Ndiyo maana hatumpi mtu nywila hata tukimpenda," Mwalimu Gona alisema. "Bwana Musab, nyumbani kwako mgeni hula na kulala, lakini funguo za kasha humpi. Adabu ni kumheshimu mkubwa. Amana hulindwa hata mbele yake."

Mjomba Musab alikuna ndevu. "Nisamehe, mwanangu. Na mimi nikija kesho peke yangu?"

"Nitakuamkia, mjomba," Hafswa alijibu, "kisha nitakunyima."