Kola ya Papa Augustin

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata Papa Augustin, jirani yetu hapa mtaani Lubaga, mtu asiyejua kudanganya hata umri wake.

Jumamosi ile ilianza vizuri tu. Kwaya ilikuwa imemaliza mazoezi na kwenda zake, na kanisa letu la Wakongo likabaki na watu wawili: Augustin kwenye meza yake ya kuongozea picha, uso ukutani, na Mama Victoire, muuza vitenge, juu kwenye roshani nyuma ya kamera ya tatu. Walikuwa wakisaka hitilafu. Kila ibada iliporushwa kwa ndugu wa kwetu Bukavu na Uvira, picha ya Tatu ilikatika, ikarudi, ikakatika tena. Kamera nyingine mbili hazikuwa na neno.

Roshani ile ilikuwa ya Séraphine, mkewe Augustin. Miaka yote yeye ndiye aliyeshika Tatu. Kabla ya ibada alimnyoosha mumewe kola, maana Augustin na kola ni maadui wa tangu jadi, kisha akapanda zake. Walikuwa na mwiko wao wa kazi: mpiga picha haachi kamera mpaka mwongozaji amwambie, "Asante, pumzika." Séraphine alianguka huko huko juu katikati ya ibada, moyo umesimama. Augustin akatupa hedifoni, akakimbia. Neno lile hakulisema. Tangu hapo akawa anachemsha chai ya watu wawili na kumwaga nusu. Upweke ulimla mzee wa watu.

Basi akabadilisha waya. Picha ikakatika. Akauhamishia tundu jingine la swichi, kisanduku kinachounganisha nyaya za kamera. Ikakatika. Ndipo akakumbuka anwani. Kila kamera ina yake kwenye mtandao, na mbili zikigombea moja husukumana kama wake wenza. Kompyuta ikamwonyesha wazi: anwani ya Tatu ilikuwa na kamera mbili.

"Mama Victoire," alinong'ona kwenye hedifoni, "hebu chomoa waya yako."

"Nimechomoa, Papa."

Picha ya Tatu ikatulia tuli. Ilionyesha ukumbi mtupu na, mbali kule chini, mgongo wa Augustin mwenyewe.

Mazoea yana taabu. Kabla akili haijamzuia, mdomo ulishasema, "Séra, sogea."

Picha ikasogea.

"Papa Augustin, mimi siko nasogea," Victoire alinong'ona. "Kamera nimezima. Lakini kuko mutu anashuka kwa ngazi. Nasikia miguu. Simuoni."

Akatoka mbio kwa mlango wa nje wa roshani.

Ngazi zikapita kwenye picha. Benchi la nyuma. Benchi jingine. Jingine. Augustin hakugeuka. Aliogopa kumwona, na aliogopa zaidi kutomwona. Harufu ya udongo mbichi ikamfikia. Mgongo wake ukajaza kioo kizima.

Alijua la kufanya. Maneno mawili tu, na mkewe angekwenda kupumzika. Yalimfika ulimini. Akaiona nyumba yake, kikombe kimoja mezani, kitanda kipana. Akayameza.

"Baki," alisema huku analia. "Baki kidogo, mke wangu."

Kwenye kioo, mkono ukatokeza mbele ya lenzi. Ukamgusa shingoni. Ulikuwa wa baridi.

Picha ikazimika.

Mama Victoire alirudi nasi majirani, tukiwa tumeshikana mikono kama watoto. Tulimkuta Augustin ameketi, mashavu yamelowa. Kola yake ilikuwa imenyooka vizuri, na juu ya kitambaa chake cheupe kulikuwa na alama ya vidole viwili vya udongo mwekundu. Shati hilo hajalifua mpaka leo.

Roshani sasa haina mtu wala kamera. Mama Victoire hataki hata kuitazama. Ila ndugu wa Bukavu hutupigia simu kila Jumapili, wanauliza kwa nini kamera ya juu haimwonyeshi mhubiri, inamwonyesha Papa Augustin tu. Ibada ikiisha, huwa tunamsikia mwenyewe akiwaaga wapiga picha wake: "Moja, asante, pumzika. Mbili, asante, pumzika." Kisha huvua hedifoni taratibu, akaiweka mezani bila kuitaja Tatu.