Nilifuta Majibu ya Wagonjwa, Rafiki Yangu Akafukuzwa

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, Mkenya, mama wa mtoto mmoja. Naishi Bugolobi, Kampala, mwaka wa tisa sasa. Wasomaji wenzangu, nisikilizeni kwanza ndipo mnihukumu... nimechoka kulibeba hili peke yangu.

Nilikuwa nikitunza kompyuta za maabara moja ya kupima damu. Tulikuwa wawili, mimi na Namuli, Mganda aliyenipokea nilipofika mji huu simjui mtu. Ndiye aliyenipeleka hospitali uchungu uliponishika! Kwenye seva yetu ya Linux, kompyuta kuu iliyotunza majibu yote, tuliingia wote kwa jina moja na neno la siri moja. Ndivyo tulivyozoea.

Asubuhi moja Namuli alitumwa Nakasero, nyuma yake seva ikagoma. Diski imejaa pomoni! Majibu hayaingii, wagonjwa wanafoka dirishani, bosi anachungulia mlangoni kwangu kila dakika. Na mimi subira sikujaliwa.

Nikatafuta kinachokula nafasi. Nikaona folda ya data, kubwa ajabu, kwenye diski ya zamani. Nyingine yenye jina lile lile ilikuwa kwenye diski mpya, ambayo Namuli aliifunga kwenye seva wiki tatu zilizopita. Nikajiambia, kumbe ameshahamisha, haya ni mabaki tu. Ningeiuliza hifadhidata yenyewe, ile programu inayotunza majibu, inaweka data wapi, ingenijibu papo hapo. Sikuuliza... Nikafuta ile ya zamani.

Ajabu, nafasi haikuongezeka hata chembe! Nikampigia Namuli. Alipiga ukelele.

"Bambi, maskini sisi! Ile ya diski mpya ni kopi ya kujaribu tu, ya wiki tatu nyuma, data yote mpya iko kwa ya zamani! Lakini sikiliza, usizime kitu. Database bado imeshika hizo faili, mimi naweza kuzitoa. Nakuja na boda sasa hivi."

Je, nilingoja? Dakika kumi zilinishinda! Bosi aliingia tena, akauliza mbona nimekaa tu. Aibu ikanipanda, nikazima seva na kuiwasha upya nikiomba Mungu iamke nzima. Hifadhidata ilipozimwa iliziachia zile faili, na majibu ya wiki tatu yakapotea kabisa. Namuli aliingia akihema, akatazama skrini, akakaa sakafuni.

Bosi akauliza nani amefuta. Kumbukumbu za seva zilionyesha lile jina letu moja tu. Akasema diski mpya ilifungwa na Namuli, na seva inaingilika hata mtu akiwa mbali, basi lazima ni yeye. Namuli akanigeukia. "Dada, mwambie."

Nikasema sijui.

Jamani, nilisemaje neno lile? Nilimfikiria mwanangu, kodi, kibali changu cha kazi... Namuli alifukuzwa siku hiyo hiyo. Wagonjwa wakaitwa kutolewa damu upya. Mama mmoja muuza viatu wa Nakivubo alimrudisha bintiye akilia, nikajifanya nina simu ya kupokea.

Miezi miwili sikulala vizuri. Mwishowe nilimweleza bosi kila kitu. Akanifukuza na mimi, na ilikuwa haki yake. Alimwita Namuli arudi kazini, akakataa.

Nilimfuata nyumbani. Alifungua mlango nusu.

"Kufuta, kila mtu anafuta," alisema. "Mimi ningekusaidia hata mbele ya bosi. Lakini wewe ulisema hujui."

Akafunga mlango polepole, bila hasira. Afadhali angenitukana!

Ndugu zangu mnaotunza data za watu, nawasihi: msifute kitu kabla ya kuhakikisha data inakaa wapi, na kila mtu awe na jina lake la kuingilia. Mwenzako akisema ngoja, ngoja! Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka. Mimi nilichelewa miezi miwili, na Namuli hapokei simu zangu hadi leo.