Nilimwambia Huyu Ni Dada Yako

"Mama, huyu si dada yangu!"

"Nani kakwambia?"

"Moyo wangu."

"Moyo wako ukome. Nimeshasema mbele ya baba yako na mbele ya msimamizi, huyu ni dada yako, basi."

Mwanangu akaweka bisibisi juu ya friji, akaniangalia kama mtu anayeambiwa mvua hainyeshi na huku amelowa chepechepe.

Mama wenzangu mnaotamani kupokea wageni wa kujitolea, naandika haya mkae mkijua. Mimi hakuna aliyenionya.

Wageni wenyewe ni vijana kutoka nchi za mbali. Wanakuja kufundisha hesabu na sayansi mashuleni, na kabla ya kupelekwa kazini wanakaa miezi mitatu kwenye nyumba za watu ili wajifunze lugha na maisha. Mchana wako chuoni, jioni wako kwako. Siku ya kuniletea wangu, msimamizi wao, mama mmoja wa miwani minene, alinikalisha sebuleni.

"Mama, huyu si mpangaji. Ni mwanao. Mtume, mkaripie, mpe kazi."

"Hata dukani nimtume?"

"Mtume."

"Ila nina kijana mkubwa hapa ndani. Fundi friji. Hajaoa."

Msimamizi akavua miwani.

"Akiwa chini ya bati lako, huyo ni kaka yake. Mapenzi ndani ya nyumba ya mafunzo hatutaki. Yakitokea, binti anapandishwa ndege anarudi kwao."

Mimi ni mwoga tangu utoto. Nikatoka hapo nikazunguka mtaa mzima, duka kwa duka, nikitangaza: "Huyu ni binti yangu, huyu ni dada wa fundi." Nilifikiri nimejenga ukuta.

Mtaa ukampa jina: Asante. Alishukuru kila kitu. Alimshukuru muuza mkaa, akamshukuru mlinzi, siku moja akamshukuru mbuzi aliyempisha njiani. Wiki za mwanzo alipata tabu kwelikweli. Aliunguza wali hadi sufuria ikabadilika rangi, na akafua shati jeupe la mume wangu pamoja na shuka langu jekundu.

Mume wangu akalivaa hivyohivyo kwenda kazini.

"Limekuwa la waridi," alisema. "Limenipunguzia umri."

Jioni Asante alilia jikoni, anakumbuka kwao. Nikamkumbatia, nikamfundisha kuosha mchele, kuwasha jiko, kumjibu muuza nyanya anayepandisha bei. Alikuwa anaelewa haraka huyo mtoto. Nikampenda. Ndiyo maana naandika na machozi na kicheko pamoja.

Sasa, tangu aingie, friji letu likawa haliponi. Leo haligandishi, kesho linavuja, keshokutwa linanguruma. Na fundi yupo ndani! Kila Asante akiosha vyombo, mwanangu amelala chini ya friji na tochi.

"We fundi, friji za watu unatengeneza saa moja, hili la mama yako kila siku?"

"Hili ni la zamani, mama. Linataka uvumilivu."

Kumbe uvumilivu wenyewe ulikuwa unaosha vyombo.

Jumamosi moja nilikuwa nafuta vumbi juu ya friji, nikaisogeza simu ya mwanangu aliyoiacha hapo, ikawaka mkononi mwangu. Sikuipekua, iliwaka yenyewe. Ujumbe ulikuwa juu kabisa:

"Kaka, kesho utanisindikiza sokoni?"

Na jibu lake chini:

"Nitakusindikiza. Ila naomba usiniite kaka."

Ukaingia mwingine hapohapo, mimi nimeishika:

"Na mimi nimechoka kuitwa dada."

Ndiyo siku hiyo niliyombana jikoni akanijibu habari za moyo wake.

"Mwanangu, unataka wampandishe ndege?" nilimwambia. "Mtoto wa watu kaacha kwao kuja kufundisha. Hajashika hata chaki, wewe unamharibia!"

"Sijamgusa, mama. Hata mkono sijamshika."

"Lakini mnaandikiana!"

"Kwani nani atawaambia?"

"Mimi."

Tukageuka. Asante alikuwa amesimama mlangoni na beseni la vyombo, maji yanamchuruzika mikononi.

"Mimi nitawaambia," alisema. "Mama, sitaki kujificha ndani ya nyumba yako. Wewe ulinipa kitanda."

"Mwanangu Asante, nyamaza. Tutazima hili hapahapa, nani ajue?"

"Wewe unajua. Yeye anajua. Mimi najua. Tumeshakuwa wengi."

Mwanangu akamwambia, "Watakurudisha."

"Wakinirudisha, nitarudi kwa nauli yangu mwenyewe."

Jumatatu akaenda chuoni. Mimi siku hiyo nilichemsha chai bila majani, nikampa mume wangu, akainywa.

"Leo chai imekuwa nyepesi," alisema.

"Mtoto anaondoka wewe unaongea chai!"

Alasiri Asante akarudi, akapita moja kwa moja chumbani. Nikasikia zipu ya begi. Mwanangu alikuwa kazini, simu yake haipokelewi. Nilitoka mbio hadi getini, nikaziba njia kwa mikono miwili.

"Hutoki! Ndege iondoke na wengine!"

"Mama, hakuna ndege."

"Sasa begi la nini?"

"Sihami nchi, mama. Navuka barabara."

Simu yangu ikaita. Alikuwa msimamizi.

"Mama, binti yako kaja kwangu mwenyewe, kasema kila kitu. Miaka yote hii sijawahi kuona. Kwa kuwa hawajakosea, nimemhamishia kwa jirani yako muuguzi amalizie mafunzo. Salamu za barabarani tu mpaka aape kiapo cha kazi. Baada ya hapo ni mtu mzima, maisha yake."

Muuguzi! Kati ya nyumba zote za mtaa, kwa muuguzi! Yule mama akikopa sufuria hairudishi mpaka umtumie ujumbe wa kumsihi. Nikabeba begi upande mmoja, Asante upande mwingine, tukavuka.

"Karibu, binti yangu," muuguzi akasema, ananiangalia mimi.

Hilo neno lilinichoma. Asubuhi nikawa namsikia ng'ambo, "Shikamoo mama!" naitikia "Marahaba!" kumbe naitikia ya mwenzangu. Mwanangu naye akawa anafagia mbele ya geti alfajiri, kijana ambaye hajawahi kushika fagio.

"Habari za asubuhi," anamwambia Asante akipita kwenda chuoni.

"Nzuri. Habari za friji?"

"Limepona lenyewe."

Basi. Hivyo tu. Anapita, na yeye anabaki anafagia palepale hadi panang'aa. Mpaka friji nikalionea huruma, halitembelewi tena.

Kiapo kikafika. Asante aliapa kwa Kiswahili bila kusoma, akapangiwa shule ya mji wa pili. Mwanangu akasema kule friji zinaharibika sana, atafungua kibanda. Jioni ileile akapiga magoti mbele yetu.

"Baba, mama, nataka mkaniposee."

"Kwa nani?" mume wangu aliuliza.

"Kwa muuguzi."

Wazazi wa Asante walishaongea na sisi kwa simu, picha zinakatikakatika, wakasema binti yao kachagua, na mama anayeishi naye ndiye atakayeitikia kwa niaba yao. Yaani muuguzi. Nikavaa gauni langu la maana, nikavuka barabara kwenda kumwomba binti niliyemfundisha kuosha mchele.

Muuguzi alikuwa amekaa kwenye kochi kama hakimu.

"Karibuni wageni. Mmepotea?"

"Hatujapotea. Kuna kitu chetu kiko humu."

"Kama ni sufuria, nilirudisha."

"Si sufuria. Tumeona ua zuri humu ndani."

"Hilo ua tumelimwagilia kwa shida sana, jamani. Malezi ni kazi."

"Umemlea wiki tano! Mimi ndiye niliyemfundisha hata kuwasha jiko!"

Mume wangu akanifinya. Muuguzi alikuwa anacheka hadi mabega yanatikisika.

"Haya. Aitwe mwenyewe."

Asante akatoka chumbani, macho chini. Pembeni yangu nasikia kiti cha mwanangu kinagongagonga sakafu.

"Binti," muuguzi akauliza, "hawa watu unawafahamu?"

"Nawafahamu."

"Huyu mama ni nani?"

Asante akaniangalia. Macho yakamjaa maji.

"Ni mama yangu."

Muuguzi akapiga mkono kwenye kochi.

"Posa imevunjika! Kama huyu ni mama yako, kijana huyu ni kaka yako. Mtaa mzima tulitangaziwa, duka kwa duka, na mama huyuhuyu!"

Mwanangu akanigeukia, sijawahi kuona uso ule. Ukuta wangu mwenyewe ulikuwa unamwangukia mtoto wangu.

Asante akajifuta machozi. Akavuta pumzi.

"Naomba nijibu tena."

"Jibu."

"Huyu mama simjui kabisa," alisema, ananitazama usoni. "Sijawahi kumwona. Ila mtoto wake namjua, na nimekubali."

Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Mimi nililia pale kwenye kochi la muuguzi kwa furaha, mama pekee duniani aliyeshangilia binti yake kumkana mbele za watu.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, siku ukiletewa mgeni wa mafunzo, mpe kitanda, mpe chakula, mpe upendo wote ulionao. Ila mtaani sema tu, "Nina mgeni." Uishie hapo.