Taa ya Saprin

Harufu ya samaki iliingia nyumbani kwa Norlia wiki ya baridi kali, wakati ndani hamkuwa na samaki. Kwenye friji kulikuwa na nyama ya kondoo, mayai na sambal ya jana, pilipili ya kusaga. Bahari ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa gari. Asubuhi za Katanning, mji wa bara magharibi mwa Australia, hunuka vitu viwili tu, moshi wa kuni na kondoo wa mnadani, na Norlia, aliyekuwa akifungasha nyama kiwandani, alivizoea vyote viwili kiasi cha kutovisikia tena. Hii aliisikia. Ilikuwa harufu ya samaki aliyeachwa juani, yenye ukali kidogo puani.

"Mama, umekaanga nini?"

Mama yake alikuwa mezani akimenya vitunguu. Watu wote wa visiwa vya Cocos waliohamia mji ule walimwita Nek Senah, yaani Bibi Senah, hata wale waliomzidi umri.

"Sijakaanga kitu."

"Sasa harufu hii ya nini?"

Nek Senah hakuinua uso, lakini Norlia aliiona midomo yake ikitabasamu. "Na wewe umeisikia," alisema. "Basi si mimi tu."

Norlia alijua mazungumzo hayo yanaelekea wapi, akachukua koti lake na kutoka. Alipita veranda ya nyuma, chini ya taa ya Saprin, iliyokuwa inawaka mchana kweupe.

Saprin alikuwa kaka yake. Zamani, kabla hawajahama kisiwani, aliruka kutoka mashuani nje ya mwamba wa matumbawe kufuata wavu ulionasa, na bahari haikumrudisha, si yeye wala shati lake. Hakukuwa na kaburi. Tangu walipoinunua nyumba hii ya mbao, Nek Senah aliwasha taa ya veranda kila magharibi. Akirudi aione, alisema. Mwaka huu aliacha kuizima kabisa.

Jioni hiyo harufu ilikuwa chumbani kwa Tijah, binti yake Norlia wa miaka sita. Hita ilikuwa imewashwa, na mtoto alikuwa kitandani, miguu mitupu kaikandamiza ukutani.

"Vaa soksi, utaganda."

"Ukuta una joto, Mama. Kama tumbo la paka. Na mjomba anaimba humo ndani, sikiliza."

Norlia alitaka kucheka. Akaweka sikio. Kwanza hakusikia kitu, halafu akasikia, sauti nyembamba iliyonyooka, mmm, kama mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo, na sauti hiyo ilipopanda taa ya chumbani ikafifia, na iliposhuka taa ikarudi, na ukuta chini ya shavu lake ulikuwa kweli na joto, joto la mwili, joto la mtu aliyelala upande wa pili akiwa ameegemeza mgongo wake palepale alipoegemeza uso wake yeye, kwenye mbao zilezile, akivuta pumzi alipovuta na kuitoa alipoitoa.

Akamhamisha Tijah alale naye. Mumewe alikuwa kwenye zamu yake migodini kaskazini, na kwenye simu alisema, "Ita mtu." Hakusema mtu gani.

Norlia akamwita Pak Emran. Mzee huyo alichinja kondoo kiwandani mpaka magoti yakamkataa, na jioni alikuwa akisomea wagonjwa na nyumba zenye matatizo. Alikuja kabla ya jua kuzama, na chetezo cha ubani na kofia ya sufu ya kukinga masikio.

"Usimfukuze," Nek Senah alimwambia mlangoni, kwa sauti ndogo. "Pak Emran, nakuomba. Ametoka mbali."

"Nani katoka mbali, Nek?"

"Unaisikia harufu. Huku nchi kavu kuna samaki?"

Pak Emran alimpita akaingia ndani. Aliketi chumbani kwa Tijah akaanza kusoma. Ubani ukapanda, na harufu ya samaki ikapanda juu yake. Wimbo wa ukutani ukazidi. Taa iligeuka njano, ikageuka nyekundu, kisha ikawaka nyeupe kuliko kawaida, na mzee, akiendelea kusoma kwa pumzi moja ndefu isiyokatika, akanyoosha mkono polepole kuelekea pale mbao zilipokuwa zimebadilika rangi, doa la kahawia ambalo Norlia aliapa halikuwapo asubuhi, doa lenye mabega na kichwa ukilitazama vibaya, akaliwekea kiganja, na akakiondoa haraka huku akinyamaza katikati ya aya.

Akakipuliza kiganja. Akakitazama. Kilikuwa chekundu.

"Upande wa pili wa ukuta huu kuna nini?"

"Veranda," Norlia alisema. "Sanduku la fyuzi."

"Zima hiyo hita. Ita fundi umeme usiku huuhuu. Jini nitamsomea baadaye, nikishajua kama ni jini."

Fundi aliitwa Clive Durrant, mwanaume mnene wa hapohapo mjini, mwenye kaptura hata barafu ikianguka. Alifungua mlango wa bati wa sanduku, akalinusa, akasogea hatua moja nyuma.

"Lo. Hiyo ni harufu yake."

"Samaki?" Norlia aliuliza.

"Plastiki ya kizamani ikiungua hunuka samaki. Watu hutafuta panya aliyekufa, hutafuta dagaa nyuma ya friji, kumbe nyumba inaiva. Dada, sanduku hili lina umri kunizidi, na mimi mwenyewe nilipaswa kubadilishwa siku nyingi." Alimulika tochi. Fyuzi za kauri zilipangwa kwenye ubao mweusi, na moja ilikuwa imezungukwa na weusi mwingine. "Taa zilikuwa zinafifia hita ikiwashwa?"

"Ndiyo."

"Lilikuwa linavuma? Ukuta ulikuwa wa moto ukiugusa?"

"Ndiyo. Ndiyo."

"Na mkasubiri nini, mwaliko?"

Alizima umeme wa nyumba nzima, akaichomoa fyuzi ile. Ndani ya kauri, mahali pa uzi wa fyuzi mwembamba kama unywele, palikuwa na kipande kinene cha waya kilichosokotwa kwa ustadi.

Clive aliacha mizaha. "Huu ni waya wa uzio. Wa kuzuia kondoo. Mtu mmoja zamani aliunganisha soketi ya hita kwenye laini ya taa, basi kila baridi fyuzi ilikuwa inakatika, na ilikuwa na haki ya kukatika. Mwingine akaja akaiziba mdomo. Upande wa pili analala nani?"

"Mtoto," Norlia alisema.

"Kesho mngekuwa mnaongea na zimamoto. Nani aliweka hii?"

Norlia alitikisa kichwa. Kisha sauti kutoka kwenye kiti cha veranda, chini ya taa iliyokufa.

"Mimi," Nek Senah alisema. "Taa ilikuwa inakatika. Kila akikaribia, inakatika. Mngependa afike vipi?"

Hakuna aliyemkemea. Norlia alitaka, maneno yalikuwa yamejaa kinywani, lakini alimwona mama yake amempokea fundi kipande kile cha waya kwa mikono miwili, anakipangusa masizi kwa ncha ya kanga yake, na akashindwa.

Clive aliwaacha gizani na mishumaa, akarudi asubuhi. Aliung'oa ubao mweusi, akabadilisha nyaya zilizoungua, akaitenga soketi ya hita na taa. Kufikia alasiri ukutani palikuwa na sanduku jeupe, jembamba, na safu ya swichi ndogo.

"Hizi ni swichi za usalama," alimwonyesha Norlia. "Zinapima umeme unaotoka na umeme unaorudi. Unaotoka lazima urudi wote. Ukipungua hata kidogo, maana yake umepitia kwenye mwili wa mtu kwenda ardhini, na swichi inaanguka kabla hajafa. Hiki kitufe ni cha majaribio. Bonyeza."

Norlia alibonyeza. Tii. Taa zikazimika. Akaipandisha, zikawaka. Alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Tijah alirudi kitandani kwake. Ukuta ulikuwa baridi kama ukuta. Harufu ilikwisha. Nek Senah alikaa siku nzima bila kula, akitazama uwanja.

Magharibi ya siku iliyofuata, taa ya veranda ilipowashwa, swichi ya usalama ya taa ikaanguka. Norlia aliipandisha. Kesho yake, wakati uleule, ikaanguka. Na keshokutwa.

Clive alikuja na vipimo vyake. Alifungua taa, akapima nyaya, akapima soketi, akapima tena.

"Sina la kusema. Kila kitu kizima."

"Basi kwa nini inaanguka?"

"Hiyo huanguka kwa namna moja, dada. Mtu aliyelowa, miguu mitupu, anasimama hapa anaishika taa." Alianza kucheka, halafu akatazama chini. Mbao za veranda mahali aliposimama zilikuwa na unyevu, mahali pawili, kando kwa kando. Mvua haikuwa imenyesha. Akakusanya vipimo vyake, akasema atapiga simu. Hakupiga.

Pak Emran, bandeji kiganjani, alisema neno moja tu: zimeni taa. Asiyeona taa hugeuka. Norlia alimwambia mama yake jikoni, akijiandaa kwa vita.

"Nimesikia," Nek Senah alisema.

"Mama, mtoto wangu analala pale."

"Nimesikia, Norlia. Nipe magharibi moja tu nimuage. Kesho utaichomoa balbu mwenyewe."

Ombi lilikuwa dogo, na Norlia akalikubali. Jua lilipozama alisimama nyuma ya pazia la jikoni. Aliiona taa ikiwashwa, akasubiri tii, akaisikia, na veranda ikawa kijivu. Kisha harufu. Haikuwa ile ya plastiki, alitambua sasa tofauti yake, haikuwa na ukali, ilikuwa ya chumvi na magamba na kamba iliyolowa muda mrefu, na katikati ya kijivu kile alimwona mama yake akisimama kutoka kitini bila haraka, akaifungua taulo kubwa ya buluu aliyokuwa ameificha chini ya kanga, akaiinua juu, juu kuliko kichwa chake, kama mtu anayemfuta aliyemzidi urefu, akafuta pale ambapo pangekuwa na nywele, akafuta pale ambapo pangekuwa na mabega, akainama akafuta mguu mmoja, na wa pili, akizungumza kwa sauti ya kubembeleza watoto, na taulo ikizidi kuwa nzito mkononi mwake na kuchuruzika.

Nek Senah akaipandisha swichi. Taa ikawaka. Ikaendelea kuwaka.

"Kumbe ilikuwa baridi tu," alisema, akaingia ndani, na aliushikilia mlango wazi kwa muda kidogo baada ya kupita.

Kesho yake Norlia aliichomoa balbu. Nek Senah alimshikia ngazi, na hakulalamika. Alianza kula vizuri. Swichi haikuanguka magharibi ile, wala iliyofuata, wala hata siku moja baada ya hapo.

Jioni moja Norlia aliingia kumfunika Tijah. Mtoto alikuwa amelala ukingoni kabisa mwa kitanda, upande wa mbali na ukuta, amejikunja kama mtu anayempa mwingine nafasi.

"Mbona umebanwa hivyo?"

"Sh," Tijah alinong'ona. "Ndiyo kwanza amelala."

Norlia alimbeba bila kupumua, blanketi na yote, akampeleka chumbani kwake na kufunga mlango. Kisha akaenda verandani, akafungua sanduku jeupe. Swichi zote zilisimama wima. Akabonyeza kitufe cha majaribio, na swichi ikaanguka, tii, kama ilivyotakiwa. Haikuwa mbovu. Akaipandisha. Akasimama pale kwenye baridi, mkono kwenye mlango wa sanduku, akiomba ianguke yenyewe, kama siku zile Saprin alipokuwa bado nje.