Taa Nyekundu ya Shangazi

Shangazi yangu alikuwa mpiga picha wa mwisho mtaani kwetu aliyesafisha picha zake mwenyewe, kwa karatasi na dawa. Chumba chake cha giza kilikuwa stoo isiyo na dirisha, na nje, juu ya mlango, alifunga taa nyekundu. Ikiwaka, hakuna kufungua. Mwanga ukiingia, karatasi inakuwa nyeusi tii. Sheria za nchi tulizivunja tangu utotoni, hiyo hatukuthubutu kuivunja.

Mwanawe wa pekee aliondoka kwenda kutafuta kazi, hakurudi. Ilibaki negativu moja, kipande cha filamu ya kusafishia picha: kijana kakaa kwenye stuli, shati jeupe. Ofisi ya vizazi na vifo ikamganda shangazi atie saini kwamba amekufa, maana jalada lililo wazi liliwakosesha usingizi, hata ule wa saa za kazi.

"Mama, miaka imekwenda," karani alimwambia.

"Kwangu anazeeka, baba. Aliyekufa hazeeki."

Hakuwa anatania. Kila mwaka alisafisha picha moja kutoka negativu ileile, na kila mwaka kijana alitoka mtu mzima zaidi. Ndevu. Kipara. Mikunjo. Mimi niliipiga negativu hiyo kwa simu nikaigeuza rangi iwe picha: kidevu laini, kama siku aliyoondoka.

"Simu yako inakumbuka tu," shangazi alinicheka. "Dawa inaona."

Mwaka jana stuli ilitoka tupu.

Baba yangu, ambaye ni kaka yake, aliitazama picha ile akasukuma kikombe pembeni. Shangazi akapiga vigelegele. "Kasimama! Yuko njiani!"

Kesho yake asubuhi alijifungia kusafisha tena. Taa ikawaka. Mimi na baba tulikuwa mezani, mlango uko mbele yetu. Tulimsikia akimimina dawa, akiimba chinichini. Kisha akaacha kuimba.

"Umechelewa, mwanangu."

Sauti ya kiume ikajibu. Hatukushika neno.

Chumba kile kina mlango mmoja tu.

"Hebu geuka nikuone," shangazi alisema. Halafu, polepole sana: "Wewe nani?"

Niliinuka. Baba akanidaka mkono.

"Taa inawaka," alininong'oneza. "Utamharibia picha."

Nikakaa. Watu wazima wawili, tunaitumbulia macho balbu.

Beseni likaanguka.

Nikausukuma mlango.

Hapakuwa na mtu. Dawa ilikuwa imemwagika sakafuni, na hapakuwa na unyayo. Katika beseni lililobaki, karatasi ilikuwa inaelea. Niliona stuli. Shangazi kaikalia. Nyuma yake kasimama mtu, mkono begani pake. Niliinama nimwone uso. Lakini mwanga ulikuwa umeingia pamoja nami. Karatasi ikaingia weusi, ikazidi. Niliwahi kuuona mdomo wake tu.

Ulikuwa unacheka.

Kisha ikawa nyeusi yote.

Karani alikuja baada ya siku chache, safari hii na fomu mbili, ya mwana na ya mama. Alitupa pole, akaomba picha ya shangazi ya kubandika.

"Hana," baba alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa anapiga."

"Bila picha hatupokei, mzee. Ndio utaratibu."

Nilimtolea ile karatasi nyeusi. Aliishika, akaiweka mezani haraka, akafuta vidole kwenye suruali.

Nimeianika juani. Nimeipiga pasi. Mpaka leo haijakauka.